Laini ya Nekesa Haikubaki

3 Februari
Shamba jipya la miwa, ng'ambo ya soko la Shianda. Lilichomwa jana jioni, na leo tumekata mpaka jasho likatoka jeusi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho ninachoongea kutwa nzima huku. Kimarakwet changu kimebaki cha simu, nikiongea na mama na kijana wangu Kipngeno. Kipngeno ndiye aliyeniachia daftari hili shule zilipofunguliwa. Alisema, "Mama, andika, mkono usije ukajua panga peke yake." Niliachia darasa la sita. Tutaona.

4 Februari
Jua. Mgongo. Nimelala na gambuti miguuni.

6 Februari
Niwaandike watu, maana naishi nao kuliko ninavyoishi na wangu. Nyapara wetu ni Osiako, mzee wa kanisa kutoka Khwisero, mtu wa sauti kubwa na mkono mwepesi wa kazi. Jairus ni wa mdomo. Akikosa wa kumtania anatania muwa. Nekesa, Mama Mitchel, anakata laini ya miwa iliyo kando ya yangu tangu msimu wa juzi. Mumewe Wanyama anaendesha trakta inayobeba miwa yetu. Mimi wananiita Mkale, maana ni Mkalenjin, na nimezoea.

Kundi letu lina desturi moja ambayo sijaiona kwa makundi mengine niliyofanyia kazi. Mtu akiugua katikati ya laini, haiachwi. Aliye karibu anaanza pale panga la mgonjwa lilipoishia. Akichoka, mwingine anapokea. Jioni Osiako anaandika kuwa mgonjwa ndiye amekata. Anasema laini iliyobaki imesimama ni aibu ya kundi lote, si ya mgonjwa.

11 Februari
Nekesa alikuwa mbele yangu siku zote. Leo nilimpita kabla ya chai. Alisimama, akashika muwa kama mtu anayeshika mlango.

Jairus akapiga kelele, "Mama Mitchel! Gambuti za Baba Mitchel umezivalia nini?"

Kweli alikuwa amevaa za Wanyama. Zake hazimwingii tena. Miguu imevimba.

"Nyamaza, kichwa chako ndicho kimevimba," alimjibu. Tulicheka. Yeye hakuwa na pumzi ya kucheka.

14 Februari
Alikohoa kutwa.

15 Februari, Jumapili
Tulikuwa tunafua mtoni, mimi na yeye. Akaniambia bila kuniangalia. Ana mimba.

Nilifurahi kwanza, halafu nikamwona uso. Alinieleza yote. Alipomzaa yule wa tatu, moyo wake ulishindwa. Alilazwa hospitali kubwa mjini, na daktari akamwambia yeye na Wanyama kwa maneno ya wazi: moyo umepanuka, mimba nyingine inaweza kumuua. Akawa anachomwa sindano ya kupanga uzazi. Mwaka jana zahanati ikaishiwa dawa. Wakamwambia arudi wiki ijayo, na wiki ijayo tena.

"Nina watoto watatu, Mkale," alisema. "Mitchel ndiye mkubwa na bado hajui kusonga obusuma isiwe na mabonge. Nikienda, nani atawapikia?"

Nilisuuza nguo ile ile mara nyingi sana.

16 Februari
Osiako alitupa ruhusa, hakuuliza. Tulienda zahanati. Muuguzi ni sista Teresa, mwanamke mfupi, mpole wa maneno. Alimpima Nekesa, akasikiliza kifua, akasikiliza tena mgongoni.

"Mama Mitchel, hii haifai kungoja," alisema. "Katiba yetu inaruhusu. Mhudumu aliyesomea kazi akiona maisha au afya ya mama iko hatarini, anaweza kuitoa mimba. Nakuandikia uende mjini kwa daktari wa moyo na wa akina mama leo hii."

Hapo mkubwa wa zahanati akaingia. Alimwita Teresa kando, lakini chumba ni kidogo na masikio yangu ni mazima.

"Sista, unataka nifukuzwe kazi? Mswada uko bunge la kaunti. Tungoje tuone kama utapita."

"Haujapita. Na ukipita, moyo wa huyu mama utakuwa umepona?"

"Nimesema tungoje."

Tulirudi na vidonge vya kupunguza maji mwilini. Njiani Nekesa alipumzika kila penye kivuli.

Nimeelezwa mswada wenyewe. Unasema hakuna zahanati wala hospitali ya kaunti itakayomsaidia mwanamke kutoa mimba, hata awe mgonjwa vipi, mpaka kamati ikae na kukubali. Katika kamati atakuwepo chifu, mchungaji, na afisa wa polisi. Mwanamke aende mbele yao ajieleze, halafu angoje.

22 Februari, Jumapili
Mchungaji Phanuel alihubiri sokoni kwa spika mbili. Aliwaambia watu waunge mkono mswada. Sitasema ni mtu mbaya. Shamba la familia ya Shikanga lilipoungua na nyumba, ndiye aliyewaletea mabati. Lakini aliwaita wanawake wanaokwenda kwa Teresa wauaji, na Nekesa alikuwa amesimama pale na kikapu cha nyanya.

Kambini tukabishana. Nilisema huo mswada ni wa watu ambao hawajawahi kumwona mwanamke akikosa pumzi.

"Mambo ya wanawake msiyalete kambini," Osiako alisema. "Na mimi ni mzee wa kanisa. Serikali ikisema mtu angoje, angoje. Mungu hachelewi."

"Mungu hachelewi, mzee. Kamati ndiyo huchelewanga," Jairus akadakia. "Ile ya josho la ng'ombe kwenu Khwisero ilikaa mpaka ng'ombe wakaisha."

Osiako alimrushia kipande cha muwa. Hakucheka. Nilimwona mzee yule kama ukuta.

26 Februari
Mawingu upande wa msitu wa Isecheno. Hayajanyesha. Nekesa anakata amekaa.

1 Machi
Nekesa ameniuliza kama nawajua wanaouza dawa za mizizi. Alisema kuna mama fulani, anaweka kitu, inaisha kwa siku moja.

Nilimshika mkono kwa nguvu mpaka akasema namuumiza. Nikamwambia habari ya Chemutai, ambayo sijawahi kumwambia mtu yeyote huku. Chemutai ni dada yangu mkubwa. Kipngeno ni mtoto wake wa kumzaa. Alipomzaa alipatwa na kifafa cha mimba, akapona kwa bahati. Alipopata mimba ya pili, aliogopa kwenda zahanati, aliogopa kuulizwa. Akaenda kwa mwanamke wa mizizi. Tulimzika bondeni, nyuma ya nyumba ya mama. Mimi nikafunga kitabu cha darasa la sita nikambeba Kipngeno mgongoni.

Nekesa alilia. Akasema, "Basi unipeleke wewe mjini. Wanyama amekubali. Ijumaa."

Tumepanga Ijumaa.

3 Machi
Ijumaa haikungoja.

Mvua ilianza saa nne asubuhi, ile ya kwanza yenye matone mazito. Trela lilikuwa limejaa nusu, na udongo ulikuwa umeshaanza kuwa uji. Nilikuwa nimeinama. Nikasikia panga la Nekesa likianguka, si vile linavyotupwa, vile linavyoachiliwa. Nilipogeuka alikuwa amelala ubavu juu ya majivu, midomo ya rangi ya masizi, na povu la pinki kidogo pembeni mwa mdomo.

Nilipiga ukunga. Osiako alifika kabla ya wote, na alikuwa mbali kuliko wote. Alimkalisha, maana akilala alikuwa anazama. "Wanyama! Wanyama!"

Wanyama akawasha trakta, ikasonga kidogo, trela likazama mpaka kwenye ekseli. Alijaribu tena na magurudumu yakachimba kaburi lake yenyewe. Alitukana kwa Kiluhya maneno ambayo mzee wa kanisa hakuyakemea.

"Liache trela!" Osiako alisema. "Chomoa pini!"

"Miwa ya kampuni italala hapa..."

"Ilale! Mke wako ndiye anayekufa!"

Jairus na mimi tulichomoa pini kwa mawe. Trakta bila mzigo ikatoka. Osiako alikaa juu ya bati linalofunika tairi, Nekesa akiwa ameegemea kifua chake, na mimi nikining'inia upande wa pili nikimshikilia asiteleze. Mvua ilitupiga usoni njia yote. Nekesa alikuwa anahesabu majina ya watoto wake, akifika la mwisho anaanza tena.

Zahanati, mkubwa hakuwepo. Teresa alikuwepo. Hakuuliza habari ya mswada, hakungoja ruhusa ya mtu. Alimwekea oksijeni, akamchoma sindano, akapigia simu hospitali ya mjini, akapanda naye ambulensi na aproni yake ikiwa na matope ya gambuti zetu. Mlango ukafungwa.

Tukabaki mvuani, mimi, Wanyama na Osiako. Osiako alikuwa amevua kofia. Sikujua kama anaomba au ananyeshewa tu.

Niliporudi shambani nilikuta jambo. Laini ya Nekesa ilikuwa imekatwa mpaka mwisho. Waliobaki waliikata mvuani, miwa inateleza, bila yeyote kuambiwa.

4 Machi
Anaishi. Daktari wa mjini aliwaita Nekesa na Wanyama, akawaeleza kwamba mimba ikiendelea moyo hautafika mwezi ujao. Aliwauliza wanataka nini. Nekesa alijibu mwenyewe. Imefanyika leo, kitandani, kwa usafi, akiwa na dawa ya kupumua na muuguzi pembeni.

Nilimpigia mama simu. Nikamwambia tu kwamba mtu amepona. Mama akauliza kama huku mvua imenyesha. Kwao bado.

5 Machi
Osiako amekuja kwenye moto wangu na kikombe chake cha strungi. Alikaa chini. Halafu: "Nilisema angoje. Ningekuwa nachanga sanda sasa hivi."

Nilimwongezea chai.

9 Machi
Mvua kila alasiri. Nekesa ameruhusiwa, yuko nyumbani, Mitchel anamlisha uji.

Teresa alipita kambini. Ameandikiwa ajieleze kwa nini alimhudumia mgonjwa wakati mkubwa alisema wangoje. Hakulia wala hakunung'unika. Alisema kamati ya bunge la kaunti itakuja Alhamisi ya tarehe kumi na tisa, ukumbi wa kanisa pale sokoni, kuchukua maoni ya wananchi. "Phanuel amepanga mabasi mawili," alisema. "Mimi nina nyinyi, mkitaka."

Jairus akauliza, "Sista, wanaruhusu watu weusi namna hii?" akaonyesha masizi ya mikononi. Teresa alicheka mpaka akashika mbavu.

Nikawasimulia habari ya Chemutai, wakaamua nizungumze mimi. Nilikataa. Wakaamua tena.

12 Machi
Nafanya mazoezi nikikata. Kila muwa na neno lake.

13 Machi
Jairus ananiita Mheshimiwa. Kila nikikosea anapiga panga kwenye muwa na kusema, "Mheshimiwa arudie!" Nimerudia maneno ya Chemutai mara nyingi sana mpaka hayaniumizi koo. Kundi zima wameyashika. Asubuhi nilimsikia Osiako akiyasema peke yake akinoa panga.

15 Machi
Jumapili. Osiako alisimama kanisani kwao akasema atakwenda kupinga. Nimesikia wengine walitoka nje. Alikaa mpaka baraka ya mwisho.

17 Machi
Mvua ya mawe. Hakuna kazi.

19 Machi
Nimechoka lakini lazima niandike leo leo.

Tulikata mpaka saa nne, kisha tukaondoka shambani moja kwa moja, maana kurudi kambini kubadilisha nguo kungetuchelewesha. Hivyo tulifika ukumbini wote na panga mkononi. Mimi sikufikiria. Panga la mkata miwa ni kama kidole. Askari wa mlangoni alirudi nyuma.

"Nyinyi mmekuja kutoa maoni au kuwakata waheshimiwa?"

"Inategemea watakavyoongea," Jairus akasema, na Osiako akampiga kofi la kisogoni. Tukalundika mapanga nje ukutani, rundo kubwa, askari akayalinda kama kuku wa mtu.

Ndani palijaa. Watu wa Phanuel mbele, na nguo safi. Sisi tulisimama nyuma na kuacha alama nyeusi ukutani. Nekesa alikuwepo, kwenye kiti karibu na dirisha, amejifunga leso. Mimi nilidhani yuko nyumbani. Teresa alikaa peke yake. Walizungumza watu wengi. Mama mmoja wa mabasi alisema kila mtoto ni baraka, na nilimkubali, maana Kipngeno ni baraka yangu. Phanuel alizungumza vizuri kuliko wote, kwa upole, bila kupaza sauti.

Nikaitwa.

Nilisema, "Naitwa Cherop. Nakata miwa hapa. Nilikuwa na dada anaitwa Chemutai. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, alikuwa mama. Mimba yake ya kwanza nusura imuue, na ya pili alijua haiwezi. Zahanati ilikuwepo, na njia ilikuwepo. Lakini aliogopa kuulizwa..."

Mwenyekiti aliinua mkono. Alikuwa na kitambulisho changu, tulikuwa tumeviacha mezani. "Mama, hapa imeandikwa Elgeyo Marakwet. Maoni tunayochukua ni ya wakazi wa kaunti hii. Tafadhali kaa."

"Nafanya kazi hapa msimu wa tatu."

"Kanuni ni kanuni. Kaa, mama."

Mbele watu wakapiga makofi. Kijana akaninyang'anya maikrofoni, si kwa ubaya, alikuwa ameambiwa. Nilisimama pale na maneno yangu yote mdomoni. Nilitazama nyuma niwaombe radhi.

Osiako alikuwa tayari anakuja. Alipita katikati ya viti, gambuti zikidondosha matope kwenye zulia la kanisa.

"Naitwa Osiako. Khwisero, kitambulisho kiko mezani kwako. Mzee wa kanisa. Naendelea pale Cherop ameachia. Aliogopa kuulizwa ni ya nani, kwa nini, na nani amekutuma. Kwa hiyo akaenda kwa mwanamke wa mizizi. Alikufa akiwa ameng'ata shuka ili majirani wasisikie. Hakukosa dini. Alikosa mlango wa kuingilia bila hofu. Na mswada huu unafunga mlango ule ule, halafu unamweka chifu nje akiwa na kiti."

"Mzee," mwenyekiti akasema, "hayo ni maneno ya yule mama."

"Ndiyo. Kwetu mtu akizuiwa katikati, aliye karibu anapokea. Dakika zangu zimekwisha?"

Zilikuwa zimekwisha. Jairus alikuwa ameshafika. Huyu nilimwogopa, nikajua ataharibu kwa mzaha. Hakutania hata kidogo.

"Jairus, wa Shianda hapa hapa. Naendelea. Hatukuja kusema mwanamke yeyote alazimishwe kutoa mimba. Anayetaka kuzaa azae, tutamletea ingokho, kuku wa kwetu, na sukari. Tunasema aliye mgonjwa aongee na daktari wake, aamue yeye. Katiba imeshasema hivyo. Kamati haina kipimo cha moyo. Chifu hana oksijeni."

Watu walicheka, hata mbele. Mwenyekiti akaangalia mlango, akaona laini yetu imefika mpaka nje. Akauliza, "Wote hawa ni hotuba moja?"

"Moja, mheshimiwa," Wanyama alisema. Maikrofoni ilikuwa mkononi mwake. Mume wa Nekesa, mtu ambaye sijawahi kumsikia akisema sentensi mbili mfululizo. "Wanyama. Dereva. Naendelea. Muuguzi akifanya kazi aliyosomea, asiandikiwe barua ya kujieleza. Apewe dawa zisiishe." Akamtazama Teresa. "Apewe asante."

Mwisho Nekesa alisimama. Ukumbi haukumjua, lakini sisi sote tulimpisha njia. Alitembea polepole, akapumzika penye nguzo, akafika.

"Nekesa. Nakata miwa. Namalizia. Kuna mwanamke kundi letu. Trakta ilimfikisha, sista akampokea, daktari akamuuliza anataka nini, akajibu. Watoto wake watatu walikunywa uji asubuhi hii na mama yao ndiye aliyeupika. Hayo ndiyo yote Cherop alitaka kusema."

Hakusema huyo mwanamke ni nani. Hakuna aliyethubutu kumuuliza. Akarudi kwenye kiti chake kichwa kikiwa juu.

Tulipotoka kuchukua mapanga, Phanuel alikuja. Nilijiandaa. Alimsalimia Nekesa, "Mulembe, mama." Kisha akamfungulia geti. Sisemi amebadilika. Naandika nilichokiona.

Mwezi uliopita nilimwita Osiako ukuta. Leo nimetembea nyuma yake kurudi shambani, na sijawahi kujivunia mgongo wa mtu hivyo.

20 Machi
Mgongo. Sauti imeisha na sikuongea sana.

2 Aprili
Barua ya Teresa ya kujieleza imefutwa. Zahanati imeletewa dawa za sindano, boksi tatu. Teresa amebandika karatasi mlangoni: ZIPO.

14 Aprili
Redio ya Wanyama, saa ya chakula. Mswada umeanguka bungeni. Wamesema maoni ya wananchi yalikuwa mengi kuupinga. Jairus amepanda juu ya rundo la miwa na kuhutubia trakta. Osiako alisema turudi kazini, kisha yeye mwenyewe akakaa chini na kucheka peke yake.

Nilimpigia Kipngeno. Nikamwambia jina la mama yake limesemwa mbele ya watu wa serikali, na watu watano wamelibeba. Aliniuliza, "Watu wa huko wanamjua?" Nikamwambia, sasa wanamjua.

17 Aprili
Homa tangu asubuhi. Malaria, naijua. Nilianguka magoti katikati ya laini, Osiako akanipeleka kivulini kwa nguvu.

Nekesa hajaanza kukata bado. Daktari alimwambia kazi nyepesi, na hutuletea chai tu. Aliweka birika chini. Akaokota panga langu, akalipima mkononi.

"Mama Mitchel, wewe hapana," nilisema.

"Mitatu tu, Mkale. Lala."

Alikata mitatu, polepole, karibu na mzizi inavyotakiwa. Kisha akampa Jairus panga, na Jairus akapokea.